Seng'enge na Ndege wa Mkia Mwekundu

Vitabu vya vituo vya ndege hufanana mwanzo wake. Kuna boti, kuna bahari iliyochafuka, kuna mwandishi aliyechoshwa na mji. Anashuka kisiwani na begi na darubini, anaoneshwa chumba chenye dirisha linalotazama maji, na kufikia ukurasa wa kumi hivi hakuna tena bosi, kodi ya nyumba wala simu. Wamebaki yeye, upepo na ndege wanaohama. Mwaka huu nimesoma vingi vya aina hiyo kwa sababu tasnifu yangu ya uzamili inahusu maandishi ya mazingira, na nakiri kwamba nimevipenda. Kinachonisumbua ni ule upweke. Unaelezwa kana kwamba ni mali ya mahali penyewe, kama mawe na nyasi. Nami vingi nilivisoma nikiwa likizo nyumbani Kibondo, ambako kuwa mbali na dunia hakujawahi kuhitaji boti.

Chukua Fair Isle, kisiwa kidogo cha Scotland kilicho kati ya Orkney na Shetland. Kituo chake cha ndege ni maarufu kuliko karibu vyote. Kilianza 1948 katika mabanda ya mbao yaliyoachwa na jeshi la majini, mwaka uleule ambao mwanzilishi wake, George Waterston, alikinunua kisiwa. Hayo yanasimuliwa kwa fahari. Linalopitwa haraka ni kwamba mpango wa kituo haukuzaliwa baharini. Ulizaliwa katika kambi ya wafungwa wa vita huko Warburg, Ujerumani, baada ya Waterston kutekwa Krete mwaka 1941. Humo alikutana na wapenda ndege wenzake: Peter Conder, ambaye baadaye aliliongoza shirika kubwa la Uingereza la kulinda ndege, na John Buxton, mshairi na msomi aliyetekwa Norway mwaka 1940. Buxton hakuwa mgeni wa kazi hii. Kabla ya vita alikuwa Skokholm, kisiwa cha Wales ambako shemeji yake, Ronald Lockley, alifungua mwaka 1933 kituo cha kwanza cha ndege Uingereza. Buxton alipokuwa kifungoni, Lockley alimwandikia barua kuhusu kisiwa hicho, na mwaka 1947 barua hizo zikatoka kama kitabu.

Kwa msomaji wa London huenda neno kambi ni tukio la historia. Kwangu ni kituo cha basi. Nduta iko wilayani kwetu. Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika tena, Nyarugusu ikafurika na Nduta ikafunguliwa upya. Nimekua nikijua kwamba kuna watu ambao hawatoki eneo la kambi bila kibali. Kwa hiyo nilipogundua kwamba upweke mtamu wa visiwani una mzizi wake ndani ya seng'enge, niliacha vile vitabu vya boti nikamtafuta Buxton.

Kitabu chake kinaitwa *The Redstart*, kilitoka 1950. Kinamhusu ndege mmoja tu, mdogo kiasi cha kiganja, mwenye mkia wa rangi ya kutu anaoutikisa kila mara, anayezaa Ulaya na kukimbilia kusini mwa Sahara baridi ikianza. Buxton alimtazama akiwa kambini kwa mamia ya saa, wafungwa wenzake wakipokezana zamu. Mtaalamu mkubwa wa ndege wa Berlin, Erwin Stresemann, aliwasiliana naye na kumpelekea pete za kuwavalisha ndege miguuni, huku nchi zao zikiuana. Ukisikia haya unatarajia kitabu cha mateso na matumaini. Sivyo. Ni kitabu cha tundu la kiota, cha dume linaloingia na kutoka tunduni ili jike lione mlango, cha idadi ya safari za kupeleka wadudu kwa makinda. Kambi inaonekana pembeni tu, kama uzio unavyoonekana pembeni mwa picha.

Usomaji wa kwanza ulinikera. Niliona ni ubaridi. Usomaji wa pili ulinibadilisha, na hapa ndipo ningependa tubishane, hasa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Katika fasihi yetu ndege hajawahi kupata nafasi ya kula. Bundi analeta msiba, njiwa ni tarishi wa wapendanao, kunguru ni mwizi, na ndege yeyote atakayetua karibu na gereza ndani ya shairi ameshakuwa uhuru kabla hajakunja mbawa. Tunawatuma tu. Buxton alikuwa mshairi, tena mfungwa, na kishawishi cha kumtwika yule ndege mzigo wa uhuru kilikuwa mbele yake kila asubuhi. Aliukataa mzigo huo. Ndege wake anavuka seng'enge kwa sababu upande wa pili kuna kiwavi. Sijasoma ukurasa wenye heshima zaidi kwa kiumbe kisichotujali.

Lakini kuna jambo ambalo wanaomsifu Buxton hulipita. Katika kambi ya wafungwa watu walipangwa mistari na kuhesabiwa, siku baada ya siku. Wakirudi kutoka kwenye mstari, hawa mabwana walikwenda kuhesabu wenyewe: dume limeimba mara ngapi, jike limeingia saa ngapi. Kisha linganisha na Fair Isle, ambako mpaka leo sehemu ya maisha ya kituo ni daftari la jioni. Watu hukaa pamoja, mmoja anataja jina la ndege, wengine wanajibu idadi waliyoiona, idadi inaandikwa. Ni kama mahudhurio ya darasani. Waandishi wa vitabu vya boti hulieleza daftari hilo kama ibada ya amani. Mimi nalisoma kama mstari wa kambi uliogeuzwa: waliokuwa wakihesabiwa wameshika kalamu. Siwezi kuthibitisha kwamba Waterston aliliona hivyo, wala sihitaji. Umbo la maandishi hubeba mambo ambayo mwandishi hakuyapanga.

Na kuna suala la muda, ambalo ndilo lililonikalia kooni. Mamia ya saa za kutazama kiota yalitoka wapi? Yalitoka kwenye cheo. Buxton alikuwa ofisa, na Mkataba wa Geneva wa 1929 haukuruhusu ofisa mfungwa alazimishwe kufanya kazi. Askari wa kawaida walipelekwa mashambani na migodini. Hakuna aliyewaandikia kitabu cha ndege, ingawa shambani bila shaka waliwaona ndege wengi kuliko yeye.

Nilifunga kompyuta nikawaza barabara ya Nduta. Kina mama wanatoka alfajiri kutafuta kuni, wanarudi na mizigo kichwani wakitembea ukingoni mwa barabara, wakikwepa magari na watu wenye nia mbaya. Wanaujua msitu ule kuliko mwanafunzi yeyote wa uzamili. Ndege gani hulia kabla ya mvua, yupi huonesha kwamba kuna nyoka kichakani. Hilo halijawahi kuitwa utazamaji wa ndege. Linaitwa kutafuta kuni.

Nikiri kosa langu sasa. Miaka miwili iliyopita niliandika makala kuhusu asubuhi moja ya kutazama ndege nje ya mji wa Kibondo. Nilikuwa nimeazima darubini, nikajiona kama niko kisiwani. Katika rasimu ya kwanza wale kina mama walipita mbele yangu, mmoja akanisalimia kwa Kirundi nikamjibu kwa Kiha, tukaelewana kama kawaida. Kwenye rasimu ya mwisho niliwafuta. Waliharibu ukimya. Makala ilisifiwa kwa huo ukimya. Ndiyo maana siwezi kumshambulia Buxton kwa kuiacha kambi pembeni. Yeye angalau uzio aliuacha uonekane. Mimi niliung'oa.

Si kwamba kwetu hakuna ndege wa kuandikiwa. Bonde la Malagarasi-Muyovozi, ambalo sehemu yake iko huku kwetu, liliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar, la kwanza Tanzania, zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Ndani ya mafunjo yake anaishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye kimo cha mtoto wa shule ya msingi na mdomo kama kiatu cha mbao, anayesimama kimya muda mrefu akimvizia kambare. Watu huvuka bahari kumwona. Ila nyingi ya kurasa nilizopata kuhusu bonde hilo ni ripoti, na baadhi ya hesabu zimefanywa kutoka angani: ndege wamehesabiwa kwa ndege. Lugha yetu imeucheka mzaha huo kabla yangu. Mvuvi aliyepitisha mtumbwi karibu na kiota humo hupewa nusu sentensi, bila jina.

Anayeniponya na vitabu vya boti ni mlembe. Huyu si wa kutazamwa kwa mbali, anakuja kukutafuta. Analia kwa kelele za kukwaruza, anaruka mti mmoja hadi mwingine akionesha weupe wa manyoya ya pembeni mwa mkia, anakungoja, mpaka umefika kwenye nyuki. Wewe unapata asali, yeye anapata nta. Watafiti waliofanya kazi na Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji walichapisha mwaka 2016 kwamba mlembe huitikia zaidi mlio maalumu wa warina asali wa hapo. Mwaka 2023 wakaonesha kwamba wa kwa Wahadzabe husikiliza mluzi wa Wahadzabe. Yaani ndege anajifunza lugha ya kijiji. Ukisoma utafiti huo baada ya vitabu vya visiwani, unajiuliza nani hasa anayetazama.

Kibondo ni nchi ya asali, na baba yangu mdogo anarina. Likizo hiyo nilimfuata porini mara mbili. Anapiga mluzi, anagonga shina kwa mpini wa shoka, ananyamaza, anaendelea kutembea kana kwamba hajaita mtu. Mara ya kwanza hakuna aliyekuja. Mara ya pili mlembe alitokea tulipokuwa tumeketi kula mihogo, akaanza kutugombeza. Tulimfuata kama dakika ishirini, mimi nikiwa na darubini shingoni ambayo sikuitumia hata mara moja kwa sababu ndege alikuwa hatua kumi mbele yangu.

Tukisubiri moshi ufanye kazi, aliniuliza kile kitabu ninachokisoma usiku kinahusu nini. Nikamweleza kuhusu Mwingereza aliyefungwa kambini wakati wa vita vya Hitler, akamtazama ndege mmoja mdogo kwa mamia ya saa.

"Alikuwa anakula nini?" akauliza.

Nikamwambia kulikuwa na mgao, na vifurushi vya Msalaba Mwekundu.

"Sawa." Alikata kipande cha sega chenye majana, akakiweka juu ya jiwe mbali kidogo na sisi, mahali peupe. "Na yule ndege, alimwachia nini?"

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, pete, baba mdogo. Walikuwa wanawavalisha ndege pete mguuni.

Alicheka mpaka akakohoa kwa moshi. Mlembe hakushuka. Alikuwa juu ya tawi, akingoja tuondoke.