Joho Lina Uhai Kuliko Mfalme

Nimeukodolea macho mchoro wa Gerald Kelly wa Mfalme George VI kwenye simu, hapa Wote, mpaka bando ikakaribia kuisha, na bado sijamwona mtu. Nimeona joho. Velveti inashuka kwa mikunjo mizito, na yale manyoya meupe, ya mnyama wa jamii ya kicheche, yamechorwa kwa upole hadi unatamani kuyapapasa. Halafu unapandisha macho usoni na moto unazima. Uso safi, umenyolewa, hauna neno.

Si ati Kelly hakujua kuchora watu. Mapema karne ya 20 alienda Burma, na wacheza ngoma aliowachora huko wana shingo na vidole vinavyokuambia kitu. Kazi ya mfalme alipewa 1938, akaimaliza 1945, muda mwingi akiishi kwenye kasri la Windsor. Watu wakatania kwamba hakutaka kumaliza, asije akaondolewa mezani. Miaka saba! Mimi na chuo hatukuvumiliana hata miwili.

Mwaka huohuo wa 1938, huku Ukambani (Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos), serikali ya huyo mfalme ilikuwa inawanyang'anya watu ng'ombe, ati wamezidi ardhi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Yeye akakamatwa, akapelekwa Lamu. Na kabla mchoro haujakamilika, vijana wa Kitui na Machakos walikuwa ndani ya KAR, wengine wakipigana Burma, ileile ya wacheza ngoma.

Kwao mfalme alikuwa kichwa kwenye shilingi. Senti 10, ile yenye tundu, haikuwa na kichwa hata. Ni taji tu. Kwangu mimi sarafu hiyo inasema kweli zaidi: juu taji, katikati shimo. Kelly alilizungushia shimo hilo velveti, na kwa kazi aliyotumwa alifaulu kabisa. Nakala zilisambazwa kwenye balozi na makoloni, na joho likining'inia ukutani halilazimiki kumjibu mtu kuhusu ng'ombe wake. Lakini ukitaka kujua Kelly aliweza nini mbele ya binadamu, watafute wale wacheza ngoma.