Kanuni ya Tisa

Spana namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, na hapo ndipo balaa huanzia. Nusu inchi ni milimita 12.7. Zile sehemu tatu za kumi zinazobaki macho hayazioni, lakini nati inazihisi: ukivuta kwa nguvu spana inateleza, pembe zinalika, na nati iliyotulia mahali pake miaka arobaini inakuwa mviringo kama kokwa la zambarau. Land Rover yangu, Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ilinifikia ikiwa na nati nyingi za namna hiyo. Mwanzoni niliwalaani wote walioishika kabla yangu. Siku hizi nazisoma nati hizo kama ninavyosoma madaftari ya wanafunzi: huyu alikuwa na haraka, huyu hakuwa na spana za inchi, huyu giza lilimkuta porini akaona heri plaizi kuliko fisi.

Kazi yangu ni kufundisha hesabu. Wenzangu shuleni wanaamini nimelogwa, maana mshahara wa mwalimu na gari linalokunywa lita nzima ya petroli kwa kilomita tano au sita havikai nyumba moja. Wanaiita mkweche, nami siwapingi. Ila hawajui Jumamosi yangu inavyokuwa. Tengeru ni siku ya soko; tangu alfajiri barabara imejaa mikungu ya ndizi na kina mama wanaowahi nafasi, na kelele zao hufika uani kwangu zikiwa zimelainika. Navaa ovaroli, nakaa chini ya mparachichi. (Mti huo nao ni kosa langu. Boneti ni ya aluminiamu, na parachichi bichi likidondoka kutoka juu huacha bonde. Nimeshahesabu mabonde kumi na moja.)

Saa tatu hufika Babu. Si babu yangu wa damu. Ni jirani mstaafu aliyemaliza ujana wake katika karakana ya serikali, akitengeneza Land Rover za mabwana shamba na za matabibu wa wilaya. Namwamkia, anaitikia, anapewa chai. Boneti haifunguliwi kabla kikombe hakijaisha. Kwanza gari liwashwe, yeye akae juu ya kopo la rangi, atazame kando kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Mwalimu," atasema, "kuna mmoja humo anagonga mlango."

Kugonga huko ni tapeti. Injini hii ina silinda nne na valvu nane, zimepangwa mstari mmoja, unazihesabu kutoka mbele. Kati ya kila valvu na kile kidole cha chuma kinachoikandamiza, lazima pabaki mwanya wa robo milimita. Ukizidi, injini inagonga. Ukikosekana, valvu haifungi sawasawa, moto unapita, na baada ya muda ukingo wake unaungua. Basi tunafungua mfuniko wa juu, tunatoa plagi zote ili injini iwe nyepesi, kisha kijana wa jirani anachomeka hendeli pale mbele na kuzungusha taratibu. Ndiyo, hendeli. Betri ikifa hata kesho, gari hili mtu mmoja mwenye mkono mzuri anaweza kuliamsha.

Sasa kuna swali la lini upime valvu ipi, maana huwezi kupima iliyokandamizwa. Siku ya kwanza nilikuja na karatasi na kalamu, tayari kuchora. Babu akacheka. Akaniambia humu ndani kuna ndoa nne. Moja na Nane ni mtu na mkewe. Mbili na Saba. Tatu na Sita. Nne na Tano. Nane akishuka mpaka mwisho, mpime Moja, kwa kuwa hapo ndipo amelala fofofo. Saba akishuka, mpime Mbili. Nenda hivyo hadi umalize, kisha rudi kinyume.

Nilisimama na kalamu yangu mkononi. Kila ndoa jumla yake ni tisa. Miaka yote hiyo Babu hakuwahi kujumlisha, wala hakuhitaji. Na mimi niliyefundisha kujumlisha kwa miaka kumi na tisa nisingeipata kwa kukaa mezani. Usiku ule nilichora hatimaye nikaona sababu. Pistoni ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja, moja ikivuta hewa nyingine inapokea moto, kwa hiyo valvu ya huku ikifunguka kabisa, mwenzake wa kule yuko mbali kabisa na kazi. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Hesabu ilikuwa mle tangu kiwandani, imefunikwa oili.

Kile kipimo chenyewe, fila, ni ubapa wa chuma mwembamba kuliko ukucha. Unauingiza kwenye mwanya na kuuvuta. Ukipita bila kugusa, pamezidi. Ukikwama, pamekaza. Unatakiwa uhisi mkwaruzo mdogo, kama unavyovuta karatasi iliyokaliwa na kitabu. Hakuna namna ya kumweleza mtu mkwaruzo huo. Babu alinishika vidole akavuta pamoja nami mara tatu, akaniachia. Mara ya nne nilikosea naye hakusema neno. Alisubiri nati ikazwe, akaniambia nirudie. Nimehudhuria semina nyingi za mbinu za kufundishia, zenye bango na posho, na hakuna iliyonifundisha ualimu kama kimya kile.

Na kuna nati yenyewe ya kufungia. Ukikaza, inazunguka na skrubu kidogo, mwanya unabadilika, kazi imeharibika. Mkono wa kushoto unashika bisibisi, wa kulia spana, na vyote viwili vinapaswa kufika pamoja. Jumamosi nyingine nzima huishia hapo.

Gari lenyewe lilizaliwa kwa uhaba. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na Jeep chakavu la Jeshi la Marekani. Mwaka 1947 akataka kitu cha kurithi kazi ya Jeep lile. Vita vilikuwa vimekwisha lakini chuma nchini Uingereza kilitolewa kwa mgao, ndipo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, ambayo ilikuwa ikipatikana. Tarehe 30 Aprili 1948 ikaonyeshwa Amsterdam. Ilikusudiwa kuvusha kampuni katika miaka ya shida tu. Shida yao ndiyo imetuachia bodi isiyoota kutu, iliyokalishwa juu ya chesisi ya chuma inayoota kutu vizuri sana. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili, hasa wa gari lililoishi Tanga au Bagamoyo karibu na chumvi, halazi macho kwenye rangi. Analala yeye chini ya gari na nyundo ndogo, anagonga.

Mdogo wake, Defender wa awali, alikoma kutengenezwa Januari 2016, ingawa kwa Kiswahili chetu difenda si gari, ni habari ya kuulizia ndugu yako kituo cha polisi. Na Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika Arusha kwa mamia, nilimpeleka Babu. Watu walipiga picha mbele ya boneti zilizong'arishwa. Yeye alitembea akiwa ameinama, anachungulia chini ya difu, na kila alipoona tone la oili alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Huko ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa mapambo. Naomba nieleweke, sipingi marekebisho. Nimefunga rilei ili umeme wa taa za mbele usipite wote kwenye swichi ya zamani na kuiyeyusha. Kazi ya saa mbili, na sasa naona mbuzi kabla mbuzi hajaniona. Nimeweka swichi ya kukata betri. Mikanda ya viti vya nyuma nayo ipo, kwa sababu watoto hupanda. Lakini kule Arusha niliona keria, ile ya chuma inayofunika paa lote, yenye nafasi ya tairi la akiba na madumu, nami nikaitamani kwa sababu moja tu: gari linapendeza likiwa nayo. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea nzito kuliko ya mfano. Babu aliiangalia ikipandishwa na wanaume wanne. "Hii ni ya nini, Mwalimu?" Nikasema ya safari. Akanywa chai yake.

Safari ikaja. Tulikuwa walimu watano, tunakwenda Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, juu ya keria tairi la akiba na madumu mawili ya maji ya lita 20. Baada ya Mto wa Mbu barabara ikawa matuta madogomadogo kama bati, vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai likiingia hadi kwenye mkate. Sikusikia kishindo. Nilisikia gari limeinama kushoto nyuma, likakaa hivyo. Jani kuu la springi lilikuwa limekatika.

Kijana wa Kimaasai aliyekuwa na ng'ombe wake alisogea. Tulipiga jeki, tukabana kipande cha mti, tukataka kufunga kwa mpira wa ndani wa tairi, na hatukuwa na kitu cha kuuchana. Akachomoa sime, akauchana vipande virefu kwa mikato minne. Nikaisifu makali. Akanionyesha mgongo wa sime, akasema imefuliwa kutokana na springi ya gari. Kisha akaitazama springi yangu iliyokatika, akaniuliza kama ile nitaihitaji tena. Nilimpa njiani tukirudi, baada ya kupata nyingine.

Tulirudi Tengeru kwa mwendo wa arusi. Babu akaja Jumamosi yake, akasikiliza hadithi yote hadi kikombe kikaisha. Hakunisema. Alikwenda nyuma ya gari ambapo keria ilikuwa imeshushwa, akainyanyua upande mmoja kwa mikono miwili, akaiachia ianguke, akaenda kunawa.

Keria sasa iko nyuma ya jiko. Nimeiezeka kwa bati, na kuku wanalala humo.