Shupaza Nne kwa Pointi Tano

Mvua ilinikuta kwenye kijiwe cha bodaboda pale Bigwa, barabara inapokunja kuelekea Matombo na Kisaki. Uluguru ulikuwa umejifunika ukungu hadi magotini. Vijana wa kijiwe walikuwa kwenye lasti kadi yao, mimi nikatoa simu na kuendelea na briji. Mpinzani wa kulia akataja kopa moja, nikajibu shupaza moja, wa kushoto akaruka moja kwa moja hadi kopa nne. Nikadhani mnada umekwisha. Mwenzangu akataja shupaza nne.

Alikuwa na pointi 5. Katika briji ree ni pointi 4, na mfalme, ambaye wazee wa pwani humwita mzungu wa nne kana kwamba bado anahesabiwa 4 kama kwenye bisca ya Wareno, ameshushwa cheo hadi 3. Karata zote pamoja zina pointi 40. Kwa pointi 5 mtu mwenye akili timamu hukaa kimya. Kijana mmoja aliyekuwa akichungulia begani kwangu akauliza, "Mwalimu, huyo mwenzako mzima kweli?"

Mwenzangu ni programu. Aliyenifundisha briji, mzee mmoja mstaafu, alihama, na mtaani kwetu sijapata watu wengine watatu wa kuketi nao. Kwa hiyo nacheza na kompyuta tatu, moja upande wangu, mbili dhidi yangu. Kwa miezi mingi nilimwona huyo wa upande wangu kuwa mropokaji. Siku hizi namheshimu kama ninavyomheshimu fundi seremala anayepima mara tatu kabla ya kugusa msumeno, ingawa bado hunikasirisha.

Turudi kwenye shupaza nne. Kutaja nne ni kuahidi kula mikono 10 kati ya 13, maana 6 ya kwanza haihesabiwi. Wapinzani wakagonga dabo, tamko la kukuza faini, tukacheza, tukapata mikono 8. Tumepungukiwa miwili: faini 300. Nilikuwa tayari kumlaumu mtu asiyekuwepo. Kisha nikazifunua karata zote na kuucheza mchezo ambao haukuchezwa, ule wa kopa nne. Wapinzani wangepata mikono yao 10 bila jasho, na pointi 420. Mwenzangu alikuwa amenunua hasara ya 300 ili kukwepa hasara ya 420.

Alijuaje? Mfaransa Jean-René Vernes aliandika mwaka 1969 kwamba ukijumlisha turufu za upande huu na turufu za upande ule, jumla hiyo hukaribiana na jumla ya mikono ambayo pande zote mbili zingeweza kula, kila mmoja kwa turufu yake. Nilikuwa na shupaza 5, yeye 4: tunazo 9. Nilikuwa na kopa 3, yeye moja tu: kwa wapinzani zimebaki 9. Jumla 18. Wao wakila 10, sisi tunakula 8. Hesabu ya kitoto, lakini mimi nilikuwa nimezitazama pointi na kuusahau urefu.

Sidhani kama mwenzangu anaikariri kanuni ya Vernes. Ufundi wake ni mwingine, ule ulioletwa mezani na programu ya GIB ya Mmarekani Matthew Ginsberg mwishoni mwa miaka ya 1990. Inapofika zamu yake, hujigawia karata kichwani: huwagawia wachezaji wengine watatu zile 39 asizoziona, kwa namna inayolingana na kila kilichotajwa. Kisha huucheza mgawo huo karata zikiwa wazi, na kuandika matokeo. Hugawa upya, hucheza tena, mara nyingi nyingi. Mwishoni huchagua tamko lenye wastani mzuri zaidi. Kwangu peke yangu, migawo ya karata ambayo ningeweza kuwa nayo, akitazama toka kwake, inazidi bilioni 8. Yeye huchota kibaba tu kutoka humo, na kibaba hicho humtosha.

Wiki chache baadaye mnada ukaja uleule, na mwenzangu akiwa na karata karibu zilezile. Safari hii akapita. Nikasema leo ameogopa nini? Sikuwa nimetazama kona ya kioo: upande wetu ulikuwa hatarini, hali inayofanya faini kuwa kubwa zaidi, wao hawakuwa. Kwa aliye hatarini, kupungukiwa miwili kwa dabo ni 500, na kopa nne yao ilibaki 420. Hakuogopa kitu. Bei ilikuwa imepanda.

Somo lililoniuma zaidi nilijitakia. Nilitaja shupaza moja nikiwa na shupaza 4 badala ya 5, kwa sababu zilikuwa nzuri, nikatamani kusema neno. Mwenzangu, mwenye 4 zake, akataja nne juu ya kopa nne ya wapinzani. Tukaanguka mitatu kwa dabo, bila kuwa hatarini: 500. Na mimi nilikuwa na kopa 4 mkononi: wapinzani wangeanguka wenyewe kwenye kopa nne yao. Nikabonyeza tamko langu kuona programu inavyolielewa. Imeandikwa wazi: shupaza 5 au zaidi. Katika migawo yote aliyoiwaza, hapakuwa hata mmoja wenye mimi mwongo.

Binadamu angenisamehe, maana angeniona nikisitasita. Kwenye karata za mtaani watu hukonyezana, hukohoa, hugonga meza. Briji huyakataza hayo yote. Kinachoruhusiwa ni tamko lenyewe na karata inayochezwa, na mwenzangu ndiye mtu pekee niliyecheza naye anayeitii sheria hiyo kikamilifu.

Ana upofu wake, tena unatoka palepale penye nguvu zake. Kwa kuwa huwaza karata zikiwa wazi, huwadhania wapinzani kwamba hawakosei kamwe, na hukosa ujanja mdogo wa kumtia mtu wasiwasi. Programu nyingine nazo zina mipaka yao: Machi 2022 mjini Paris programu ya NooK iliwashinda mabingwa wanane wa dunia, seti 67 kati ya 80, lakini ilikuwa kucheza karata tu. Mnada uliwekwa kando. Mimi sikushangaa.

Juzi usiku, mvua ikipiga bati, alipita kimya akiwa na shupaza 6 na sisi hatumo hatarini. Nimehesabu turufu, nimehesabu faini, nimebonyeza kila tamko langu kutafuta nilipodanganya. Mgawo huo nimeunakili nyuma ya daftari la mauzo ya ndizi, na kijana wa kijiwe ameniomba nimfundishe kuusoma.