Mashine ya pini kwa kiti cha Boxer: uchaguzi uanzie kwenye plastiki

Kiti cha pikipiki ya abiria hapa Bunia hakianzi kufa pale watu wanapokalia. Huanza kufa chini, kwenye ukingo wa kitako cha plastiki, ambako ngozi bandia imekunjwa na kubanwa kwa pini. Pini zikila kutu, ngozi hulegea na kurudi nyuma kidogo kidogo, mvua hupata njia, sponji hunywa maji, na dereva huvaa suruali mbichi hata siku ya jua kali. Wateja huuliza bei ya ngozi na rangi yake. Ni nadra kumsikia anayeuliza itapigiliwa kwa mashine gani, na hapo ndipo ilipo roho ya kazi yenyewe.

Kazi ninayoichambua ilifanyika katika karakana moja mtaa wa Nyakasanza. Kiti kilikuwa cha Bajaj Boxer iliyozoea njia ya Kasenyi, ile inayoteremka hadi Ziwa Albert na kupanda na mizigo ya samaki inayochuruzika maji nyuma ya dereva. Kilipogeuzwa, pini za upande wa nyuma zilikuwa kahawia tupu. Nyingine zilikatika zilipoguswa tu na bisibisi, miguu ikabaki ndani ya plastiki.

Mezani palikuwa na mashine mbili. Moja ni ya mkono, ya kubana kwa kiganja, inayokula pini za T50, aina iliyobuniwa na kampuni ya Arrow ya Marekani na sasa inaigwa kila mahali. Nyingine ni ya upepo, inayokula pini za aina ya 80. Ya mkono ni nafuu mno ukilinganisha, haihitaji umeme, na kwa sofa ya mbao inatosha kabisa. Fundi alianza nayo. Pini ya kwanza ilisimama nusu, ya pili ikapinda mguu mmoja, ya tatu ikaingia vizuri karibu na pembe ambako plastiki ina mbavu.

Wengi wangesema springi ya mashine ni dhaifu. Ni kweli kwa sehemu tu. Kiti kinapogeuzwa ili kipigwe pini, kinalala juu ya sponji yake yenyewe. Kila pigo linapotua, kitako kinazama na sponji inameza nguvu ambayo ingetoboa plastiki. Ndiyo maana pini iliingia penye mbavu: pale plastiki haibonyei. Mwenye mashine ya mkono pekee anaweza kujisaidia kwa kuegemeza uzito wa mwili mpaka sponji ishuke yote, au kwa kuomba mtu wa pili akandamize kiti juu ya gogo. Lakini mkono wa kushoto unatakiwa uvute ngozi wakati huohuo, na hapo ndipo mikunjo huzaliwa.

Mashine ya upepo inalishinda tatizo hilo kwa kasi. Nyundo yake ya ndani hupiga haraka kiasi kwamba mguu wa pini umeshapita kabla kitako hakijapata muda wa kuzama. Waya nao unasaidia: pini ya T50 ina waya bapa wa zaidi ya milimita moja, unaoifaa mbao, ilhali waya wa aina ya 80 haufiki milimita moja, kwa hiyo unatoboa kwa nguvu ndogo. Mgongo wake, karibu milimita 13, unakumbatia ngozi zaidi na kuichana kidogo. Ipo pia aina ya 71, yenye waya mwembamba zaidi na mgongo mfupi, nayo ni nzuri kwa ngozi laini. Kwa kiti kitakachobeba watu wawili na gunia, mimi naichagua 80.

Urefu wa mguu ndio unaowaponza wengi. Kitako cha namna hii kina unene wa milimita 3 hivi, ngozi karibu milimita 1. Mguu wa milimita 6 unapita na kubakiza ncha ndogo ndani ya sponji; kwenye pembe, ngozi inapokunjwa mara mbili au tatu, milimita 8 inafaa. Ukitumia 10 au 12 ukidhani ndiyo uimara, hupati kitu, maana plastiki hushika mguu kwa kuubana ndani ya unene wake tu. Kinachozidi ni mwiba, na kule mbele karibu na tangi, ambako sponji ni nyembamba, mwiba huo utalitafuta paja la dereva. Na kwa kuwa plastiki hushika kwa kubana, tundu la zamani halirudiwi: limekwisha kupanuka, pini mpya isogezwe pembeni kidogo.

Mashine pia itazamwe pua. Ukingo wa kitako una mdomo uliosimama, na pua nene haifiki chini yake. Mashine yenye nguvu isiyofika mahali pa pini haina kazi.

Upepo ulitoka kwa jirani anayeziba pancha. Pini moja hutumia hewa kidogo, kwa hiyo tangi dogo lililojaa huendelea kufyatua kwa muda hata umeme ukikatika, jambo ambalo hapa si dogo. Fundi alianza na bar 4 juu ya kipande cha kitako kilichovunjika, akapandisha hadi mgongo wa pini ulipolala sawa na ngozi bila kuikata. Kuvuka bar 7 ni kuiua mashine na ngozi pamoja. Na pini ikikwama, mpira wa hewa uchomolewe kwanza, kidole kifuate baadaye.

Akaanika kitako na ngozi juani vilainike, akapiga katikati ya mbele, katikati ya nyuma, kisha pande kwa zamu, pembe mwisho. Pini zililala sambamba na ukingo, zikiachana kama sentimita moja.

Pini zenyewe zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida zilizopakwa zinki hung'aa dukani, ila zikipigwa na mvua za Agosti hadi Novemba rangi yao hubadilika upesi. Sumaku isikudanganye, kwani waya wa chuma kisichoshika kutu ukishavutwa kiwandani unaweza kunasa kidogo. Loweka pini chache katika maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi utazijua. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu kwa sasa anunue pini zisizoshika kutu na aazime mashine.