Sifa za Fundi wa Sampu

Barabara ya gari inakoma Bodo. Mbele yake ni mikoko, kisha maji, kisha Funzi, na anayekwenda kisiwani huliacha gari lake bara akapanda boti. Gari likiondolewa jioni, mchanga uliokuwa chini yake hueleza hali ya injini: ukiona doa jeusi, oili inavuja. Magari mengi ya zamani ya pwani hii ya Kwale yana doa hilo, iwe Probox ya kubebea samaki au pikapu iliyochoka kwa magunia ya nazi. Nataka kumsifu mtu anayeliondoa: fundi anayelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akafungua sampu na kuifunga upya.

Sampu ni bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini. Katika Probox ya cc 1,500, injini nzima hutumia oili isiyofika lita 4. Pampu huinyonya kutoka kwenye sampu, ikailainisha krenki na kemu, kisha oili hushuka tena yenyewe. Kwa hiyo tone dogo si dogo. Mwenye gari akilizoea, oili humwishia njiani kabla hajafika Likoni, na taa nyekundu inapowaka, huenda vyuma vimekwisha kusagana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni injini nyingine.

Ufundi huanza kabla ya spana. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Doa lililo chini ya sampu huenda limeanzia juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, kwenye swichi ya presha ya oili, au kwenye sili ya nyuma ya krenki. Mwenye pupa hufungua sampu siku hiyo hiyo. Fundi wa kweli huiosha injini kwa brashi, huikausha, huliwasha gari likapata moto, kisha huingia chini na tochi kutafuta mahali palipolowa kwanza. Humwuliza shahidi kabla ya kuhukumu.

Akishahakikisha kwamba ni sampu, humwaga oili kwenye beseni na kufungua bolti moja moja. Sampu iliyokaa miaka haibanduki kwa hiari. Hapo bisibisi hushawishi mkono, lakini bisibisi hukwaruza na kupinda ukingo, na ukingo uliopinda hauzibiki. Fundi hutumia ubapa mwembamba, akaupitisha polepole kuzunguka. Kisha hukwangua mabaki ya gasketi ya zamani, juu kwenye injini na chini kwenye sampu, hata chuma kikabaki kikavu. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na gari likishafungwa hakuna atakayeiona. Ndiyo inayonifanya nimheshimu.

Wateja wengi hudhani dawa ni kukaza. "Fundi, kaza tu hizo bolti, nawahi boti." Jibu lake ni la upole: "Nikikaza, mzee wangu, itavuja zaidi." Ana haki. Gasketi ikibanwa kupita kiasi huminyika na kupasuka, na bati huingia ndani kwenye kila tundu la bolti, likaacha mwanya kati ya bolti moja na nyingine. Bolti hizi ni za spana namba 10. Nguvu ya kifundo cha mkono inatosha. Fundi huinyoosha sampu kwa nyundo ndogo juu ya ubao, na kama injini hiyo hufungwa kwa silikoni, hupaka mstari mmoja mwembamba, wa milimita 3 au 4, unaopita upande wa ndani wa matundu. Akizidisha, silikoni huminyikia ndani, ikakatika na kuziba chujio la pampu. Hukaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupokezana pande, kidogo kidogo. Kisha huliacha gari lilale.

Watu wa Funzi wanaujua mkono huo, kwa kuwa ndio mkono wa kalafati. Anapoziba mashua kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, kalafati akipiga kidogo maji hupita, akipiga mno mbao hutanuka. Pwani yetu imempa kalafati heshima yake tangu zamani. Fundi wa gari anastahili heshima hiyo hiyo. Serikali ya Kenya iliitambua jua kali katika waraka wake wa bunge namba 2 wa 1992, na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, huwapima mafundi kwa madaraja, hata wale waliojifunzia kazi gerejini. Ila cheti hakikwangui chuma. Uadilifu ndio unaokwangua.

Basi wewe mwenye gari, ukimpelekea fundi sampu inayovuja, mpe siku nzima, wala usimhimize atie oili kabla silikoni haijakauka. Mlipe kazi ya kukwangua kama unavyolipa kifaa kipya. Na oili chafu iliyo kwenye beseni isimwagwe mtaroni wala mikokoni: maji ya Ramisi yanaishia kwenye ghuba ya Funzi, na kaa na samaki wa ghuba hiyo ni riziki ya watu.