Mkato wa Ziada

Mtu anaendesha stailishiti ya XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML, na kuipa kigezo kimoja tu, $mikoa: "Tanga,Pwani,Lindi". Kwa mashine, hayo ni maandishi ya mfululizo, hayana mwanzo wa jina wala mwisho wa jina. Kuyapasua yawe majina matatu ni kazi ndogo, lakini namna wakongwe walivyoifanya hainichoshi kuitazama.

Toleo la kwanza la XSLT, la mwaka 1999, halikuwa na funksheni ya kupasua orodha. Isitoshe, kigeu cha XSLT hakigeuki: ukishakipa thamani, basi. Kuzunguka huku ukiongeza hesabu moja, mbili, tatu hakukuwezekana. Fundi akafanya kama muuza miwa: akakata pingili ya kwanza, muwa uliobaki akampa mwenzake aendelee. Funksheni ya substring-before ilimpa kilicho kabla ya mkato, substring-after ikampa kilichobaki, na templeti ikajiita yenyewe ikiwa imebeba salio hilo. Tanga. Kisha Pwani. Salio likiisha, kazi imekwisha.

Ila jina la Lindi halifuatwi na mkato, na substring-before isipouona mkato hurudisha maandishi matupu. Anayejifunza huandika sharti la pili kwa ajili ya jina la mwisho. Mkongwe alichukua concat, funksheni ya kuunganisha maandishi, akapachika mkato mmoja mwishoni kabla hajaanza kukata. Jina la mwisho likawa sawa na wenzake, na sharti la pili halikuhitajika tena.

Mwaka 2007 XSLT 2.0 ilikuja pamoja na tokenize. Sasa mstari mmoja unatosha: tokenize($mikoa, '\s*,\s*') hukata orodha na kumeza nafasi zinazouzunguka mkato. Ustadi haukufa, umehamia kwenye kitenganishi, kwa kuwa husomwa kama rejeksi, yaani ruwaza ya maandishi, ambamo nukta humaanisha herufi yoyote. Anayekata kwa nukta bila kuitangulizia alama ya \ ataona kila herufi imehesabiwa kuwa kitenganishi, naye abaki na vipande vitupu mkononi.

Na aliyezoea mkato wa ziada akiupachika kwa mazoea, tokenize humpa vipande vinne: Tanga, Pwani, Lindi, na kimoja kisicho na kitu. Mashine haikukosea, baada ya mkato imetafuta kipande, ikakuta hakuna, ikauhesabu utupu. Fundi huufuta mkato uleule uliowahi kumwokoa, wala haoni haya.