Pongezi kwa Wakulima wa Mwani
Paje, Bwejuu, Jambiani, vijiji vya Unguja: maji ya bamvua yakipwa, wanawake huingia baharini na vijiti, kamba na mbegu za mwani. Huchomeka vijiti mchangani, hufunga mbegu moja moja kwenye kamba, wameinama saa nyingi, maji magotini, jua mgongoni. Chumvi huwachubua vidole na kuwawasha macho. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba mizigo inayochuruzika hadi ufukweni, huanika, hugeuza, huanua mvua ikitanda. Mzigo mkubwa hukauka ukabaki kilo chache, na bei hupangwa na wengine.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989. Joto la bahari limeua sana mwani wa kotonii, wenye bei nzuri. Wanawake hawa wameendelea na aina nyingine, spinosumu, na baadhi wanatengeneza sabuni. Baina ya bamvua mbili wanalea, wanalima, wanacheza upatu. Fedha ya mwani imenunua sare za shule, imejenga nyumba, imewapa kauli majumbani mwao. Mwani hutumika kutengeneza dawa ya meno, hivyo ile tunayopigia mswaki huenda ina jasho lao. Tunadaiwa bei ya haki, pamoja na heshima.